Stopuwachi yangu ilidanganya: jinsi saa ya mkono inavyohesabu muda, na jinsi ya kuiandika mwenyewe



Leo tunaacha siasa pembeni, na habari za treni ya Kaliua zitasubiri. Kuna vijana pale Makanyagio waliniuliza juzi: "Kaka, hivi saa ya dijitali inajuaje kwamba imepita sekunde moja? Na mtu anaweza kuandika mwenyewe programu ya stopuwachi?" Nikawaambia anaweza, tena kwa kompyuta ya kafe tu. Ila nikawaambia pia kwamba mimi nilishaiandika, ikanitia aibu. Kisa chenyewe hiki hapa, halafu tuingie darasani.

Ilikuwa siku ya kuchuja wanariadha wa shule kwa ajili ya UMISSETA. Mbio za mita 1500. Vijana walikuwa wengi, mwalimu wa michezo akawagawa makundi mawili. Saa nzuri ilikuwa moja tu, ya kwake mwenyewe mkononi, na alitaka kuitumia kwa kundi la pili. Mimi kwa kujifanya mtaalamu nikasema, "Mwalimu, la kwanza niachie, nina stopuwachi kwenye laptopu, nimeiandika mwenyewe." Laptopu hiyohiyo ndiyo ilikuwa inapiga muziki wa uwanjani.

Ikabaki nafasi moja ya kugombewa. Kijana wa kundi la kwanza, kwa programu yangu: dakika 4 na sekunde 31. Kijana wa kundi la pili, kwa saa ya mwalimu: dakika 4 na sekunde 33. Nafasi ikaenda kwa wa kwanza. Yule wa pili hakusema neno, akavua viatu vya kuazima, akavirudisha kwa mwenyewe, akaondoka.

Jioni roho ikanisuta, sijui kwa nini. Nikaiweka laptopu mezani kando ya saa ya mkono, nikaanzisha zote mbili kwa pamoja. Saa ya mkono ilipofika dakika 10 kamili, programu yangu ilikuwa inasoma 9:53. Imeibiwa sekunde saba! Piga hesabu mwenyewe: kwa mwendo huo, ile 4:31 yangu ilikuwa 4:34 ya kweli. Yaani aliyekatwa ndiye aliyekuwa mbele.

Sasa tatizo lilikuwa wapi? Shika hapa, ndipo penye somo.

KOSA LA KWANZA: KUHESABU BADALA YA KUTOA

Nilikuwa nimeandika kwa JavaScript jambo ambalo karibu kila anayeanza huliandika: kila baada ya milisekunde 10, ongeza 1 kwenye namba, kisha ionyeshe. Mara 100 ni sekunde moja. Ukiisoma kwenye karatasi haina kasoro. Lakini kompyuta haikuahidi kukuamsha kila milisekunde 10. Imekuahidi kukuamsha ikipata nafasi. Ikiwa inapiga muziki, inafungua dirisha jingine au imechoka tu, inachelewa, na mara nyingine zamu inapita kabisa. Kila zamu iliyopotea ni muda uliopotea, na muda uliopotea haurudi tena kwenye hesabu. Mkimbiaji wako anaonekana ana mbio kuliko alivyo.

Mbaya zaidi, brauza za siku hizi, ukihamia ukurasa mwingine, zinapunguza makusudi mwendo wa kurasa zilizobaki nyuma ili kuokoa umeme. Hapo zamu za milisekunde 10 zinaweza kugeuka zamu moja kwa sekunde. Ukienda kusoma meseji tu, stopuwachi yako imekwisha.

Dawa yake ni nyepesi na Mswahili yeyote anaijua, ila hajui kwamba anaijua. Hebu tazama saa ya Kiswahili. Saa ya dijitali inaposoma 7:00 asubuhi, sisi tunasema saa moja. Kwa nini moja? Kwa sababu hatusemi saa imefika wapi, tunasema zimepita saa ngapi tangu asubuhi ianze. Saba toa sita, moja. Kumi toa sita, nne. Saa ya Kiswahili yenyewe ni stopuwachi, inaanzishwa kila alfajiri na kila magharibi. (Kwetu huku Mpanda jua lenyewe ni mtoro, linachomoza inapokaribia saa moja, kwa kuwa tuko magharibi mno mwa mstari ambao saa za Afrika Mashariki zimepangiwa. Lakini hesabu ni ileile.)

Basi stopuwachi iandike hivyohivyo. Usiongeze. Mkimbiaji akiondoka, andika saa aliyoondoka. Ukitaka kujua amekimbia kiasi gani, soma saa ya sasa, toa ile ya mwanzo. Kompyuta ikisinzia nusu sekunde, kioo kitaganda nusu sekunde, lakini kikiamka kitasoma muda sahihi, kwa kuwa hakuna kilichopotea. Kioo kinaweza kuchelewa, hesabu haichelewi.

Angalizo kwa mnaofanyia majaribio kafe: kwenye JavaScript kuna Date.now(), inayokupa milisekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Hiyo inafuata saa ya ukutani ya kompyuta. Tunazijua kompyuta zetu, betri ya ndani imekufa, saa inasoma mwaka mwingine kabisa, halafu intaneti ikikaa sawa inajirekebisha katikati ya mbio! Mkimbiaji wako atakuwa amekimbia miaka. Tumia performance.now(), hiyo haijali kalenda, inakwenda mbele tu.

NDANI YA SAA KUNA NINI

Sasa tuje kwenye saa ya mkono yenyewe. Chukua Casio F-91W, ile nyembamba nyeusi ya plastiki, iliyoanza kuuzwa 1989 na mpaka leo iko mikononi mwa watu. Ukimkuta fundi saa ameifungua, chungulia. Utaona kikopo kidogo cha chuma, kama punje ya mchele wa Mpimbwe. Ndani yake kuna kijiwe (sio kile cha kupigia stori), ni kipande cha kwatsi kilichochongwa kama uma wa meno mawili. Kikipewa umeme kidogo wa betri, kinatetema mara 32,768 kwa sekunde.

Kwa nini namba ya ajabu namna hiyo? Igawe kwa mbili: 16,384. Gawa tena: 8,192. Endelea mara 15 na utafika kwenye 1 kamili. Kugawa kwa mbili ndiyo kazi rahisi kuliko zote kwa saketi, na haili betri. Ndiyo maana saa nyingi za kwatsi zimetumia namba hiyo.

Je, kijiwe hicho ni mwaminifu? Casio wenyewe wanasema saa hii inaweza kukosea sekunde 30 kwa mwezi, mbele au nyuma. Kwa mbio za dakika tatu na nusu, kosa hilo ni kama elfu 2 au 3 za sekunde. Hakuna jicho litakaloliona. Kwa hiyo stopuwachi ikikosea, usilaumu kijiwe. Mlaumu aliyeandika programu.

MTEGO WA 327

Hapa ndipo hata waandishi wazoefu huteleza. Stopuwachi inatakiwa kuonyesha sehemu za mia za sekunde. Sasa gawa 32,768 kwa 100. Unapata 327.68. Haigawanyiki! Mtu mvivu anasema, "Ah, nitahesabu mitetemo 327, kila ikitimia naongeza mia moja." Kile cha 0.68 anakitupa. Ni kidogo, nani atajua?

Tumuulize Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, Michezo ya Jumuiya ya Madola, mita 1500. Mtanzania mwenzetu, mtoto wa Karatu, aliongoza tangu mwanzo, akavunja rekodi ya dunia ya Jim Ryun wa Marekani iliyodumu tangu 1967. Muda wake 3:32.16. Nyuma yake John Walker wa New Zealand, 3:32.52. Kati yao sehemu 36 za mia, basi.

Sasa mpime Bayi kwa saa ya yule mvivu wa 327. Saa hiyo inakimbia kupita kiasi, kama sehemu mbili kwa kila elfu. Kwa sekunde 212 za Bayi, inazidisha sekunde 0.44. Kioo kingesoma 3:32.60. Umeona? Bayi, kwa saa hiyo, angekuwa nyuma ya muda halisi wa Walker aliyemshinda! Ndiyo hasara ya kutupa 0.68. Na ndiyo hasara ya makundi mawili kupimwa na saa mbili tofauti, kama mimi nilivyofanya.

Dawa: usigawe njiani. Hesabu mitetemo yote kama ilivyo, ihifadhi nzima, na ugawe mwisho tu, wakati wa kuonyesha kwenye kioo. Salio unalolitupa hapo ni la kioo peke yake, haliingii kwenye hesabu ya zamu inayofuata.

PROGRAMU YENYEWE

Nitaiandika kwa Kiswahili, wewe utaipeleka kwenye lugha unayoitaka. Tuna vitufe viwili na hali tatu: SIFURI, INAKIMBIA, IMESIMAMA.

Weka mwanzoni:
HALI = SIFURI
MWANZO = 0
AKIBA = 0

Kitufe cha kulia kikibonyezwa:
soma hesabu ya mitetemo, iite SASA
kama HALI ni INAKIMBIA: AKIBA = AKIBA + (SASA toa MWANZO), halafu HALI = IMESIMAMA
kama sivyo: MWANZO = SASA, halafu HALI = INAKIMBIA

Kitufe cha kushoto kikibonyezwa:
kama HALI ni INAKIMBIA: gandisha kioo, au kama kilishaganda, kiachie
kama HALI ni IMESIMAMA: AKIBA = 0, halafu HALI = SIFURI

Kuonyesha kwenye kioo:
JUMLA = AKIBA
kama HALI ni INAKIMBIA: soma upya hesabu ya mitetemo, iite SASA, halafu JUMLA = AKIBA + (SASA toa MWANZO)
SEKUNDE = JUMLA gawa kwa 32,768
SALIO = kilichobaki
MIA = SALIO mara 100, gawa kwa 32,768, tupa kinachobaki

Basi, hiyo ndiyo stopuwachi. Jaribu kwa mkono: mitetemo 100,000. Gawa, unapata sekunde 3, salio 1,696. Salio mara 100 gawa kwa 32,768 ni 5. Kioo kinasoma 3.05. Safi.

AKIBA ni ya nini? Ni kwa ajili ya kusimamisha na kuendelea. Ukisimamisha mpira ukatoka nje, halafu ukaendelea, muda wa zamani uko kwenye akiba na mpya unahesabiwa juu yake. Na kugandisha kioo ni ile ya kusoma muda wa mzunguko huku mbio zinaendelea. Angalia vizuri: kinachoganda ni kioo. Hesabu haiguswi.

Mambo matatu ya kuchunga:

1. Namba kufurika. Vichipu vingi vidogo vinashika namba ya biti 32, isiyozidi bilioni 4 na kidogo. Mtu akiandika JUMLA mara 100 kwanza ndipo agawe, namba inafurika baada ya dakika 21 na sekunde 50, na kioo kinarudi sifuri. Mita 1500 utapona. Mita 10,000 utaumbuka mbele ya watu. Ndiyo maana hapo juu nimetoa sekunde kwanza, nikazidisha salio tu.

2. Kitufe kinaruka. Unabonyeza mara moja, lakini vyuma vya ndani vinagusana na kuachana mara kadhaa ndani ya milisekunde chache. Programu itadhani umebonyeza mara tatu: anza, simama, anza. Kwa hiyo ukishapokea mguso wa kwanza, puuza yote yatakayokuja ndani ya milisekunde 20 hivi. Lakini muda uchukue kwenye mguso ULE WA KWANZA, usisubiri vitulie ndipo usome saa.

3. Mwisho wa kioo. F-91W inafika 59:59.99 basi. Amua mapema yako ikifika hapo itafanya nini, usiiache ijiamulie.

NITAJARIBIA WAPI?

Saa ya dukani huwezi kuiandika upya. Programu yake ilichomwa kiwandani ndani ya chipu iliyofunikwa na tone jeusi la gundi. Lakini kuna bwana anaitwa Joey Castillo aliyetengeneza ubao uitwao Sensor Watch, unaoingia ndani ya F-91W badala ya ule wa kiwandani. Kioo na vitufe vinabaki vilevile, ila chipu ni mpya, unaiandikia kwa lugha ya C. Programu zake ziko wazi, yeyote asome, na stopuwachi imo. Tena kuna saa ya kuigiza inayofanya kazi ndani ya brauza. Maana yake kijana wa Nsemulwa mwenye muda wa nusu saa kafe anaweza kubonyeza vitufe vya saa ambayo hajainunua.

Kama hilo ni refu, anza na Notepad. Faili moja la html, vitufe viwili, performance.now(), na kanuni ya hapo juu (weka 1,000 mahali pa 32,768, kwa kuwa huko ni milisekunde). Likae kwenye flashi yako. Halafu lipime kama nilivyopaswa kulipima mimi kabla ya kwenda uwanjani: kando ya saa ya mkono, dakika 10, huku muziki unapiga na kurasa tano ziko wazi.

NA MKONO WAKO JE?

Programu ikishanyooka, anabaki mwenye kidole. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Ukisimama kwenye utepe wa mita 100 ukasubiri kusikia filimbi, umechelewa karibu sehemu 29 za mia kabla kidole hakijasogea. Ndiyo maana wapima muda hutazama moshi wa bastola, hawasubiri mlio. Sisi wa filimbi na vibao, tumwambie mwanzishaji anyanyue mkono na kuushusha, na sisi tutazame mkono.

Sheria za riadha zenyewe haziuamini mkono na sehemu za mia. Muda wa saa ya mkono hupandishwa kwenda sehemu ya kumi inayofuata: 10.11 inaandikwa 10.2. Wapimaji wakiwa watatu, wawili wakikubaliana ndio wao. Wote wakitofautiana, unachukuliwa muda wa katikati. Wakiwa wawili tu na wanatofautiana, unachukuliwa ulio mrefu. Yote hayo hayahitaji umeme wala bando.

Mtauliza, yule kijana je? Nilirudi kwa mwalimu usiku uleule nikamweleza. Hakunigombeza. Alikaa kimya, akacheka kidogo, akasema majina bado hayajapelekwa. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu, bado giza giza, wale wawili wakasimama mstari mmoja, wakakimbia pamoja. Wakikimbia pamoja hakuna haja ya saa, macho yanatosha. Aliyekatwa jana alitangulia kwa hatua tatu hivi. Yule mwingine akamshika mkono, akaniangalia mimi, akatikisa kichwa. Ile ya kuniangalia ndiyo imenifanya niandike haya.

Haya wadau, nawasilisha. Atakayeijaribu atupie maoni hapo chini: kwa dakika 10, yako imekosea kiasi gani? Usione aibu kutaja. Mimi nimeshaanza, sekunde saba.